Kupiga Kambi Semuliki: Kulala Kwenye Msitu wa Mvua Jirani na Majimoto ya Sempaya

Watu wengi wa huku kwetu wakisikia majimoto hufikiria kuoga. Wamezoea Chemka kule Kilimanjaro, ambako maji ni ya uvuguvugu na unaruka kwa kamba. Sempaya, magharibi mwa Uganda, ni kitu kingine kabisa. Maji yake yanatoka ardhini yakitokota, na yamezungukwa na msitu mnene wa tambarare ambao ni ncha ya mashariki ya msitu wa Ituri wa Kongo. Ukilala hapo unashughulika na maji kwa namna tatu: yanayodondoka toka juu, yanayotuama chini ya miguu, na yanayochemka. Mwongozo huu unahusu hayo, kwa mtu anayebeba hema lake mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua unakokwenda, na lini

Hifadhi ya Taifa ya Semuliki ipo wilaya ya Bundibugyo, ina ukubwa wa kilomita za mraba takriban 220, na ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1993. Usiichanganye na Toro-Semliki, ambayo ni pori la akiba upande wa pili wa vilima, lenye nyasi na swala. Nimeona watu wakiweka nafasi huku na kufika kule. Ukiandika au kupiga simu Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, taja neno "Sempaya" waziwazi.

Mvua hunyesha sana kuanzia Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba au Desemba. Sehemu kubwa ya hifadhi ni bapa na iko chini, hivyo masika ikikolea maji hufurika msituni na njia zinakuwa matope ya magotini. Nenda Januari, Februari, au kati ya Juni na Agosti. Hata hivyo jiandae kwa mvua. Huu ni msitu wa mvua, na mwezi mkavu hapa maana yake ni mvua chache tu.

Hatua ya 2: Afya kwanza

Chanja homa ya manjano na ubebe kadi yako. Anza dawa za kinga ya malaria kama daktari atakavyokuelekeza, maana hapa ni chini, joto na unyevu vipo mwaka mzima. Mbu wa eneo hili si wa kupuuzwa: kirusi kiitwacho Semliki Forest kilitambuliwa humu mwaka 1942 kutoka kwa mbu, na kingine kimepewa jina la Bwamba, yaani eneo lenyewe. Vaa mikono mirefu kuanzia jioni, paka dawa ya kufukuza mbu, na chomekea suruali ndani ya soksi ili kupe wasipate njia.

Usiguse mnyama aliyekufa, wala usiingie kwenye mapango yenye popo. Aina moja ya Ebola imepewa jina la Bundibugyo kwa sababu ilitambuliwa wilayani humo katika mlipuko wa mwaka 2007. Silisemi hili kukutisha. Wenyeji wanaishi hapo miaka yote kwa kufuata mambo hayo mawili matatu.

Hatua ya 3: Fungasha kwa ajili ya unyevu

Baridi haitakusumbua sana, usiku ni wa shuka zito au mfuko mwepesi wa kulalia. Kinachoharibu safari ni unyevu. Jinzi ziache nyumbani, zikilowa leo hazikauki kesho wala keshokutwa. Beba suruali nyepesi za nailoni, gambuti kwa ajili ya kinamasi, na viatu vyepesi vya kambini.

Halafu kuna kanuni ambayo siivunji: seti moja ya nguo za kulalia, pamoja na soksi, inafungwa kwenye mfuko wa plastiki mzito na haitoki humo ila ndani ya hema. Mchana ukilowa, jioni unavua nje ya mlango, unajifuta, unavaa zile kavu. Asubuhi unazirudisha mfukoni na kuvaa zile mbichi za jana. Ndiyo, zinaudhi kwa dakika chache mpaka mwili upate joto. Lakini ukivaa zile kavu kwenda msituni, jioni huna chochote kikavu, na usiku wa pili hulali.

Chumvi, sukari na kiberiti viweke kwenye chupa zenye kifuniko cha kuzungusha. Ongeza turubai la mita tatu kwa nne, kamba za kutosha, tochi ya kichwani na betri za akiba, jiko dogo la gesi, na chandarua kama hema lako halina wavu wa kueleweka.

Hatua ya 4: Njia

Kutoka Kampala panda basi la Fort Portal. Hapo nunua mahitaji yote ya mwisho: gesi, mikate, maji, matunda. Toka Fort Portal hadi Sempaya ni kilomita kama hamsini za lami. Ukifika Karugutu, barabara ya kulia inaelekea Ntoroko na Ziwa Albert. Wewe shika ya kushoto, ya Bundibugyo. Inazunguka ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori, kisha inateremka kwa kona kali. Ukiwa juu utauona msitu umetandazwa chini hadi Kongo. Teremka mchana, kwa sababu jioni ukungu hushuka hapo.

Lango la Sempaya liko kando ya barabara. Jiandikishe, lipa kiingilio na ada ya kambi, na uonyeshe kitambulisho: raia wa Afrika Mashariki analipa kidogo kuliko mgeni wa mbali.

Hatua ya 5: Kupiga hema Bumaga

Kambi ya Bumaga ipo mwendo mfupi kutoka langoni, ukielekea Ntandi yaliko makao makuu ya hifadhi. Ni uwanja wa nyasi ukingoni mwa msitu, na kuna vibanda kwa asiyetaka hema.

Kabla hujashusha mzigo, tazama juu. Matawi makavu yaliyoning'inia ndiyo hatari kubwa kuliko mnyama yeyote, hasa mvua ikija na upepo. Miti ya huku ina mizizi ya juujuu, kwa hiyo hata mti mzima huweza kuanguka ardhi ikilowa. Kaa mbali na mti wowote ulioinama.

Kisha tazama chini. Tembea taratibu ukikagua nyasi: je, kuna mstari mweusi wa siafu? Wakiwa safarini, hama hata kama umeshatandika. Wakikukuta usiku wanaingia kwa maelfu kwenye kila tundu, na hakuna mazungumzo. Wanakijiji hutumia majivu ya moto kuwageuza njia, nayo husaidia, mradi uwe na jivu la kutosha kuzunguka hema zima.

Chagua sehemu iliyoinuka kidogo, hata kama imepita pembeni yake kwa kimo cha kiganja tu. Mvua ya huku haipenyezi ardhini haraka, inatambaa. Tandika karatasi ya chini, na hapa wengi hukosea: kingo zake zisitokeze nje ya hema. Zikitokeza, zinakinga maji ya mvua na kuyaelekeza chini ya mgongo wako. Zikunje kwa ndani pande zote.

Turubai linafungwa juu ya hema, upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine ili maji yateremke. Acha nafasi ya kupitisha mkono kati ya turubai na hema, hewa ipite. Sasa angalia kamba zako. Maji ya mvua hufuata kamba kutoka mtini hadi kwenye turubai, tone kwa tone, usiku kucha. Chukua kipande cha uzi cha urefu wa kidole, kifunge fundo kwenye kamba karibu na turubai, ukiache kining'inie. Tone likifika kwenye fundo linashuka na uzi huo na kudondoka nje. Fanya hivyo kwa kila kamba. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo tofauti kati ya kuamka mkavu na kuamka unakamua blanketi.

Matundu ya hewa ya hema yaache wazi hata mvua ikinyesha. Pumzi za watu wawili ndani ya hema lililofungwa zinatosha kulowesha kuta zake hadi asubuhi, halafu utalaumu hema kuwa linavuja.

Hatua ya 6: Jiko na usiku

Uliza askari wa hifadhi kama moto wa kuni unaruhusiwa na wapi. Mimi hupikia gesi kila mara, kuni za hapa ni mbichi. Maji ya kunywa yachemshe, usinywe ya kijito. Chakula chote kirudi kwenye chombo kilichofungwa, kwa sababu nyani wanajua kufungua zipu. Viatu vigeuze juu chini juu ya vijiti, na kabla ya kuvaa asubuhi vikung'ute.

Hatua ya 7: Majimoto, alfajiri

Amka mapema. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi hewa bado ni baridi, na mvuke unapanda mzito juu ya miti. Kufika saa sita utaona mvuke kidogo na jua kali. Nenda na mwongozaji wa hifadhi, hata kama njia inaonekana rahisi.

Kuna chemchemi mbili kuu. Wabwamba husimulia kwamba mwanamume mmoja alitoweka mahali hapa, mkewe Nyansimbi akaenda kumtafuta naye akatoweka. Chemchemi moja ni ya mume, nyingine ya mke. Wazee wa ukoo wa Bamaga hufanya tambiko hapo, kwa hiyo ukiombwa kunyamaza au kutopiga picha, tii.

Ya kike ndiyo ya karibu, unaifikia kwa njia fupi. Maji yanaruka juu yakinguruma, pembeni kuna ukoko mweupe wa madini uliojengwa na maji yenyewe. Chunga ukoko huo. Kwa juu unaonekana mwamba, chini yake panaweza kuwa maji ya kuchemka, na sehemu nyembamba haina alama. Kanyaga pale alipokanyaga mwongozaji tu. Mtoto ashikwe mkono, asiachiwe hata kidogo.

Kwenye mwinuko huu wa mita kama 700, maji huchemka kwenye nyuzi 98 hivi, na haya yanakaribia hapo. Usijaribu kwa kidole wala usinawe. Asili yake si volkano: Rwenzori ni pande la miamba lililoinuliwa, na chini yake kuna ufa mkubwa wa Bonde la Ufa ambamo maji huzama, hupata joto na kupanda tena.

Mayai unaweza kuchemsha. Nunua langoni, yatie kwenye kikapu au mfuko wa wavu wenye kamba ndefu, na uyashushe kwenye kidimbwi atakachokuonyesha mwongozaji. Dakika kumi yameiva. Beba chumvi yako, na maganda urudi nayo.

Ya kiume ni mbali zaidi, unapita msituni kisha kinamasi. Ni kidimbwi kipana kilichofunikwa na mvuke, na mimi naipenda kuliko ya kike kwa sababu watu ni wachache na ndege ni wengi. Hapa gambuti zinafanya kazi. Ukikaa kimya unaweza kuwaona mbega, kima na hondohondo, na mwenye bahati humwona nzohe, swala wa kinamasi, kwenye matete.

Hatua ya 8: Ukitaka kulala ndani kabisa

Njia ya Kirumia inakata msitu hadi Mto Semliki, mpaka wa Uganda na Kongo. Ni safari ya kulala, na lazima uwe na askari mwenye silaha kwa sababu nyati na tembo wapo. Panga na ofisi siku moja kabla, ukubaliane nani anabeba chakula cha askari. Hapa ndipo ndege wa Kongo wanapoonekana, wale ambao Afrika Mashariki huwapati kwingine. Nusu ya mzigo uache Bumaga.

Hatua ya 9: Kufunga kambi

Hema litakuwa bichi, likunje hivyo hivyo, lakini liwe kwenye mfuko wake peke yake. Sugua tope na mbegu kwenye soli kabla ya kutoka hifadhini. Ukifika Fort Portal omba nyumba ya wageni yenye uwanja au varanda, utandaze hema, turubai na mfuko wa kulalia siku hiyo hiyo. Hema likikaa bichi siku mbili kwenye basi linaota ukungu, na madoa yake hayatoki. Jikague kupe mwili mzima, nyuma ya masikio na kiunoni. Ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukamwambie daktari kwamba ulilala Semuliki.