Mguu wa kushoto kwanza: kumvusha kijana kutoka gokati hadi Fomula 4

Nilikimbiza gokati, vile vigari vidogo vya mashindano, miaka saba kabla ya kuingia gari la Fomula 4, ngazi ya kwanza ya magari ya mbio baada ya gokati, na siku ile ya kwanza nilipitwa na kila mtu kwenye breki. Si woga. Mguu wangu wa kushoto, ule wa breki, ulikuwa umezoea kazi nyingine kabisa. Leo nafundisha vijana, na mzazi akiniuliza aanzie wapi, namweleza habari za mguu huo kabla ya leseni na kabla ya pesa.

Gokati haina springi wala difu, ile gia inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti. Ekseli ya nyuma ni moja, inazungusha magurudumu yote mawili sawasawa, kwa hiyo kwenye kona lazima gurudumu la nyuma la ndani linyanyuke kidogo, la sivyo chombo hakigeuki. Gokati za vijana zisizo na gia hufunga breki nyuma tu. Ukizikanyaga kwa pupa, nyuma inateleza na unazunguka. Ndipo mtoto anapojifunza kuanza kwa upole, kisha kuongeza.

Fomula 4 inataka kinyume chake. Breki ziko kwenye magurudumu yote manne, na hakuna mtambo wa kukusaidia kuzikanyaga. Gari likiwa kasi, hewa inayopita kwenye mabawa hulikandamiza chini, na mshiko unakuwa mwingi. Hapo ndipo pa kukanyaga kwa nguvu zote. Mwendo ukishuka, hewa nayo inaachia; mguu uachie vivyo hivyo, polepole, hadi ndani ya kona. Anayechelewa kuachia atafunga tairi lisizunguke, na tairi lililoburuzwa huwa bapa mahali hapo, likatetemesha usukani mpaka mwisho.

Zoezi lake: simuleta, yaani mtambo wa kuigiza uendeshaji, yenye pedali inayopima nguvu ya mguu, si umbali inaposogea. Fungua mchoro wa breki, ule unaoonyesha nguvu ya mguu tangu unapokanyaga hadi unapoachia. Uwe kama ukuta upande wa kwanza, mteremko upande wa pili. Dakika ishirini kwa siku zinatosha, maana mguu uliochoka unajifunza makosa. Mkipata siku chache kwenye gokati ya gia, zichukueni. Ile ina breki za mbele pia.

Msiharakishe. Wazazi hunitajia Max Verstappen, aliyeingia langalanga (Fomula 1) mwaka 2015 akiwa na miaka 17. Ni kweli, lakini mwaka 2013 alikuwa bingwa wa dunia wa gokati za gia. Tangu 2016 leseni ya juu, ile ya kuingilia langalanga, inadai pointi 40 za matokeo ya mashindano, na bingwa wa Fomula 4 hupata 12 tu. Fomula 4 inaanza miaka 15. Mtoto wa miaka 14 ambaye bado hajui kujilinda akishambuliwa kwenye kona, mwacheni kwenye gokati amalize kujifunza. Huko ndiko vita vya bega kwa bega vinakofundishwa vizuri.

Kuhusu mkataba na timu, uliza mambo mawili: siku ngapi za majaribio zimo, na nani analipa gari likigongwa. Familia nyingi nimeziona zikikwama kwenye hilo la pili.

Kabla ya jaribio la kwanza, hakikisha kiti chake kimemiminwa povu kwa umbo la mwili wake. Nyonga zikicheza hata kidogo, mguu hauna pa kuegemea. Akirudi gereji, usimuulize muda wa mzunguko. Omba mchoro wa breki, mkae naye, mtafute ule ukuta.