Somo: Kurusha droni kwenye paa la zege bila dira kuchanganyikiwa

Wakuu, harusi za Dar siku hizi mteja anataka ukumbi uonekane kutoka juu, na ukumbi wenyewe uko kwenye paa la ghorofa katikati ya mji. Unapanda na droni, unaiweka juu ya zege, unaiwasha, skrini inakuandikia kwamba dira inaingiliwa na inakutaka ufanye kalibresheni, yaani kuirekebisha dira upya. Wengi wanatii papo hapo. Hapo ndipo shida inapoanzia, maana ukifanya kalibresheni juu ya nondo zilizomo ndani ya zege unaifundisha droni kwamba upotofu ule ndio hali ya kawaida. Ikipanda na kuziacha nondo chini, inabaki na marekebisho ya kitu ambacho hakipo tena.

Tuelewane kwanza. GPS inaiambia droni iko wapi, lakini ikiwa imetulia hewani haiiambii pua imeelekea wapi. Hiyo ni kazi ya dira, kisensa kidogo kinachosoma uwanja wa sumaku wa dunia. Uwanja huo ni dhaifu: kati ya maikrotesla 25 na 65 duniani kote, na huku kwetu uko nusu ya chini ya kipimo hicho. Nondo zinaupinda bila taabu. Droni ikiamini pua iko kaskazini kumbe iko mashariki, upepo ukiisukuma itajirudisha kwa kwenda upande mwingine kabisa. GPS inaona bado haijarudi mahali pake, droni inaongeza nguvu. Inaanza kuzunguka, duara linapanuka, na ukuta wa jirani hauko mbali.

Hatua ya 1: Usipande kama si lazima
Muulize mwenye ukumbi kama kuna uwanja wa udongo au bustani chini. Ukirushia chini na kupanda nayo hadi usawa wa paa, nusu ya somo hili huihitaji. Maegesho yenye pevingi yanafaa pia, ila kaa mbali na magari na mifuniko ya chemba.

Hatua ya 2: Ondoa chuma na sumaku
Saa, funguo, bisibisi, kava la simu lenye sumaku. Spika za MC zina sumaku kubwa. Zipe nafasi ya kutosha. Vilevile jenereta, mashine za AC, stendi ya chuma ya simtanki na mabati.

Hatua ya 3: Inua droni kutoka kwenye zege
Athari ya kipande kidogo cha chuma hushuka haraka sana: ukiongeza umbali mara 2, inabaki karibu sehemu moja ya nane. Nondo za paa ni wavu mzima, kwa hiyo hazishuki kwa kasi hiyo, lakini sentimita za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Kreti mbili za soda za plastiki zikipandanishwa, na ubao juu yake, zinatosha mara nyingi. Ziwe tupu, maana vizibo vya soda ni chuma. Meza ya plastiki ni nzuri zaidi. Zile za kukunja za ukumbini zina miguu ya chuma.

Hatua ya 4: Washia palepale utakaporushia
Hili watu hulipuuza. Droni ikiwaka, inachukua mwelekeo wa kuanzia kutoka kwenye dira, kisha jairo, kisensa kinachopima droni inavyogeuka, inaendelea kuhesabu kutoka hapo. Ukiiwashia sakafuni halafu ukaihamishia juu ya kreti, imeanza na hesabu mbovu, na huenda isikuonye hadi iwe hewani, pale dira na jairo zinapoanza kubishana. Ukiihamisha, izime, iwashe upya. Subiri GPS ishike na sehemu ya kurudia, yaani mahali droni itakaporudi yenyewe, ihifadhiwe.

Hatua ya 5: Linganisha mshale wa ramani
Elekeza pua ya droni kwenye kitu unachokiona pia kwenye ramani ya skrini: barabara iliyonyooka, ufukwe, daraja. Mshale uelekee hukohuko. Ukiwa umepinda waziwazi, usirushe hata kama hakuna onyo lolote. Usitumie dira ya simu kuhakiki. Nayo imesimama juu ya nondo zilezile.

Hatua ya 6: Panda kidogo, tulia, zungusha
Iinue juu kidogo ya kichwa chako, achia stiki, iangalie kwa macho yako. Kisha izungushe pole pole mduara mzima. Ikiganda mahali pake, endelea. Ikianza kuteleza kwa kona, shusha. Kwa harusi za usiku kuwa mkali zaidi, kwa sababu kamera za chini zinazoisaidia kushika nafasi zinahitaji mwanga.

Onyo likitokea ikiwa tayari hewani, usikimbilie kitufe cha kurudi nyumbani, kwani safari hiyo inategemea dira hiyohiyo. Panda mita chache kutoka kwenye paa na kuta, mara nyingi onyo hufutika. Ikihamia modi ya ATTI, yaani kuruka bila kujishikilia mahali kwa GPS, urefu inaushika lakini upepo unaichukua, na upepo wa kusi juu ya ghorofa si wa mchezo: wewe ndiye breki. Irudishe kwa kuitazama, itue uwanjani, si kwenye paa lilelile.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, mimi nazunguka mikoani. Kila nikifika mji mpya inadai kalibresheni. Nikubali?
Kubali, ila nenda kwenye uwanja wa mpira kwanza. Miongozo ya droni ndogo za DJI inataja umbali wa zaidi ya kilomita 50 tangu uliporusha mara ya mwisho, au kukaa siku zaidi ya 30 bila kurusha. Kinachokatazwa ni kuifanya juu ya zege.

Na kwenye boti?
Mashua ya mbao haina neno, kaa tu mbali na injini. Chombo cha chuma ni paa la nondo linalotembea. Na chombo kikisogea, sehemu ya kurudia inabaki nyuma baharini, kwa hiyo ihuishe mara kwa mara au zima kabisa wazo la kurudi yenyewe.

Nipo Ludewa, hakuna jengo wala gari, lakini dira inalalamika. Droni mbovu?
Kama uko maeneo ya Liganga, si mbovu. Chuma cha pale ni magnetaiti, jiwe lenye sumaku lenyewe, na kreti halitakusaidia mlima mzima ukiwa hivyo. Toka nje ya mwamba, rushia huko, na ukiona mshale unapinda ukiruka juu yake, panda zaidi.

Mnara wa simu unaharibu dira?
Mawimbi yake husumbua zaidi mawasiliano ya rimoti na droni. Chuma cha mnara ndicho kinachogusa dira, na hicho ni cha karibu tu. Mbali na hayo yote, kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) uwe nacho mfukoni kabla mlinzi hajauliza.