Namna ya Kuzisoma Takwimu za Hospitali Kabla ya Kupandikizwa Figo

Mgonjwa anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki hapa Nairobi, na ambaye amekwisha kumpata ndugu wa kumtolea figo, anaweza kuambiwa kwamba hospitali fulani imefaulu kwa asilimia 95. Kabla ya kulipa chochote, uliza: asilimia 95 ya nini? Uhai wa mgonjwa na uhai wa figo iliyopandikizwa ni vipimo viwili tofauti. Aliyepoteza figo mpya akarudi kwenye mashine bado yu hai, kwa hiyo kipimo cha kwanza kinamhesabu kuwa amefaulu.

Kisha uliza muda. Matokeo ya mwezi mmoja huonyesha zaidi ustadi wa upasuaji. Ya mwaka mmoja na ya miaka mitano huonyesha kama kliniki inapima kiwango cha takrolimasi (dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo mpya) kwa wakati, na kama kreatinini yako, taka ya damu ambayo hupanda figo ikilegea, ikipanda kutoka 110 hadi 160 (mikromoli kwa lita) yupo atakayekupigia simu siku hiyohiyo. Na yule aliyerudi kwao Busia asionekane tena, ameandikwaje?

Omba idadi kamili pia. Penye wagonjwa 20, kifo kimoja ni asilimia 5 na viwili ni 10, tofauti ambayo huenda ikawa ya bahati tu.

Linalohitaji utulivu zaidi ni hali ya wagonjwa wenyewe. Nchini Marekani, rejista ya kitaifa hulinganisha figo zilizoshindwa na idadi iliyotarajiwa, ikizingatia umri, kisukari, miaka ya kusafishwa damu (dialisisi) na aina ya mtoaji. Hospitali iliyopoteza figo 12 pale zilipotarajiwa 16 imefanya vyema kuliko iliyopoteza 6 pale zilipotarajiwa 4. Hata hivyo, mwaka 2007 matokeo ya mwaka mmoja yalipofanywa sharti la vituo kubaki katika Medicare, bima ya afya ya serikali ya huko, baadhi vilianza kuogopa wagonjwa wenye hali ngumu, na mwaka 2019 sharti hilo likaondolewa katika kuidhinisha vituo upya. Ndiyo maana naona swali hili lina uzito kuliko yote: ninyi huwakataa wagonjwa wa aina gani?

Andika majibu katika daftari lilelile unaloandikia vipimo vyako vya shinikizo la damu, pamoja na tarehe na jina la aliyekujibu. Usimsahau ndugu yako anayetoa figo: uliza ni nani atakayempima mkojo na shinikizo kila mwaka, na kwa gharama ya nani.