Diski ya bakapu isijae katikati ya msimu wa harusi

Nina studio ya picha Tanga, na kwenye kazi hii bakapu (nakala ya akiba ya faili zako) inayojiendesha yenyewe ni lazima. Harusi hairudiwi. Picha zikipotea, huwezi kumwambia bibi harusi apambwe tena na ukoo mzima uitwe upya. Tatizo ni kwamba bakapu ikishawashwa watu huisahau, hadi siku diski ya nje inapojaa na nakala mpya kukoma kuingia. Wenzangu wengi hapo hukimbilia dukani kununua diski kubwa zaidi. Kabla hujatoa hela, tazama kwanza nani anakula nafasi, kwa sababu mara nyingi si picha.

Natumia File History, programu ya bakapu ambayo imo ndani ya Windows 10 na 11. Isipobadilishwa, hukagua folda zako kila saa, na faili lolote lililobadilika hulinakili lote, hata kama umegusa kona moja tu. Piga hesabu ya harusi moja: picha 2,000 za RAW (picha ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera), kila moja MB 25 hivi, ni GB 50. Ukishazishusha kutoka kwenye kadi hazibadiliki tena, kwa hiyo zinanakiliwa mara moja basi. Sasa chukua faili la Photoshop la albamu ya harusi hiyohiyo, lenye GB 1.5. Msanifu akilifanyia kazi masaa nane kwa siku huku anasevu, zinaingia nakala nane, yaani GB 12. Akikaa nalo siku tano ni GB 60. Albamu peke yake imekula nafasi kuliko picha zote za harusi ile.

Na diski yenyewe iliyoandikwa TB 1, Windows itakuonyesha GB 931 hivi. Hujauziwa feki, kiwanda kinahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024. Wewe panga kwa hiyo 931.

Fungua Control Panel, ingia File History, kisha bonyeza Advanced settings upande wa kushoto. Palipoandikwa "Keep saved versions" utakuta imewekwa "Forever", ndivyo inavyokuja. Maana yake hakuna nakala ya zamani itakayoondolewa, na diski ikijaa kazi inasimama. Mimi naweka miezi 3. Mteja akishachukua albamu, kama kuna jina limekosewa au shangazi hayumo kwenye ukurasa wa familia, taarifa zinafika mapema sana ndani ya muda huo. Kuna chaguo jingine, "Until space is needed", ambalo hufuta za zamani pale tu diski inapobanwa. Kwa matumizi ya nyumbani linatosha. Kwa studio silipendi, kwa kuwa msimu ukichanganya, faili mbili tatu kubwa zinaweza kusukuma nje nakala ambazo bado unazihitaji, nawe usijue.

Juu yake kidogo ndipo unapopanga inakili kila baada ya muda gani. Ukiweka masaa 3, msanifu yuleyule atazalisha nakala tatu hivi kwa siku, GB 4.5 badala ya 12. Gharama yake uijue: kompyuta ikizima ghafla na faili likaharibika, unaweza kupoteza kazi ya masaa matatu. Kama hilo huliwezi, bakia na saa moja na upunguze miezi.

Baada ya hapo nenda "Exclude folders". Ondoa sinema na video ambazo si za kazi. Kama unatumia Lightroom, programu ya kupanga na kurekebisha picha, ndani ya Pictures kuna folda ambayo jina lake linaishia na Previews.lrdata, hukua mno, na Lightroom inaweza kuitengeneza upya, kwa hiyo iondoe kwenye bakapu bila wasiwasi. Faili la katalogi lenyewe, linaloishia na .lrcat, usiliondoe kabisa! Humo ndimo yalimo marekebisho yako yote. Karibu yake kuna folda ya Backups, ambako nakala za katalogi hujazana zisipofutwa. Bakiza chache za karibuni.

Kama diski imeshajaa sasa hivi, rudi Advanced settings ubonyeze "Clean up versions", uchague umri. Nakala ya mwisho ya kila faili haiguswi. Usiingie kwenye folda ya FileHistory ukaanza kufuta kwa mkono. Ukitaka kuona kwa macho kinacholemea, WinDirStat ni ya bure na inaonyesha kila folda na uzito wake.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, tazama mstari ulioandikwa "Files last copied on". Ukiona tarehe ya wiki iliyopita, kuna mtu alichomoa waya au diski imejaa. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ndiye aliyeeneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikae mahali pengine. Studio ikiibiwa, diski iliyochomekwa kwenye kompyuta inaondoka nayo, kwa hiyo ya pili iweke nyumbani.

Na ujaribu kurudisha faili moja, ulipeleke kwenye folda nyingine lisifunike la sasa. Ukifungua diski utakuta majina kama "Albamu (2025_01_18 09_15_22 UTC).psd". Saa hiyo ni ya UTC, saa ya kimataifa, sisi tumeitangulia kwa masaa matatu. Kwa hiyo 09_15 ni saa sita na robo mchana. Mteja akikuambia anautaka ukurasa ulivyokuwa kabla ya adhuhuri, chukua ile nakala iliyotangulia.