Namna ya kupima maana zilizofichwa kwenye nyimbo za Queen

Sikio lililolelewa kwa taarabu halipitwi na fumbo. Ndiyo maana ni rahisi kwa mtu wa Unguja kuamini kwamba “Bismillah” iliyomo ndani ya Bohemian Rhapsody, wimbo wa bendi ya roki ya Kiingereza iitwayo Queen, ni salamu kwa watu wa nyumbani, au kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi hiyo aliyezaliwa Unguja, aliimba kifo chake kabla hakijafika. Sikio hilo ni mali. Lakini taarabu ina kitu ambacho wimbo wa roki aghalabu hauna, nacho ni mlengwa. Fumbo la taarabu hutupwa kwa mtu, na anayeinuka kwenda kutunza kwenye ubeti fulani, noti juu, akipita makusudi mbele ya hasimu wake, ndiye anayeikamilisha maana mbele ya ukumbi mzima. Wimbo uliorekodiwa studio Uingereza hauna wa kuutunza namna hiyo. Maana yake inatafutwa kwa njia nyengine.

Anza na daftari. Chora safu nne: maneno yenyewe, nani aliyaandika, lini, na dai linalosemwa. Maneno yachukue kwenye karatasi iliyokuja na albamu. Usiyachukue kichwani, wala kwenye tovuti zinazonakiliana makosa. Safu ya pili ndiyo inayoangusha madai mengi, kwa sababu Queen walikuwa wanne na wote wanne waliandika nyimbo.

Mfano ni The Show Must Go On. Ilitoka kama singo Oktoba 1991, na Freddie akafariki Novemba 24 mwaka huo huo. Watu wakasema ametabiri. Jaza safu: sehemu kubwa iliandikwa na Brian May, mpiga gitaa, wakati wenzake wameshajua kuwa Freddie ni mgonjwa. Aliyemuona mgonjwa akaandika juu yake hakutabiri kitu. Wimbo haupungui uzito kwa hilo. Unazidi, maana sasa unamsikia rafiki akimtungia rafiki maneno ya kuimba. Vivyo hivyo Who Wants to Live Forever ya 1986: ni ya May pia, aliiandikia filamu ya Highlander, ambayo shujaa wake hafi huku mkewe akizeeka. Swali la wimbo ni swali la filamu.

Sasa Bismillah. Freddie alizaliwa Mji Mkongwe Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara, katika nyumba ya Waparsi wa dini ya Zoroasta. Neno hilo halikuwa dua ya kwao, lakini mtoto wa Unguja hulisikia kila pembe, kwa jirani anayetia tonge na kwa fundi anayeshika nyundo. Alipelekwa skuli ya dahalia Panchgani, India, akiwa mdogo, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo dai kwamba neno alilijua tangu utoto linasimama. Dai jengine, kwamba yule anayemwambia mama yake ndani ya wimbo kuwa ameua mtu ni hadithi ya Mapinduzi, lipime kwa kusoma majirani wa neno, yaani maneno mengine yaliyo pamoja nalo. Bismillah inatamkwa mara tatu, na kila mara kundi linakataa kumwachia mtu. Lakini iko pamoja na Scaramouche, mchekeshaji wa michezo ya Kitaliano. Fandango, ngoma ya Kihispania. Galileo wa falaki. Figaro wa opera. Na Beelzebub, jina la shetani. Ukilifanya neno moja kuwa ufunguo, hayo mengine nayo lazima uyaeleze kwa ufunguo huo huo. Ukishindwa, andika “halijathibitika” na uendelee. Freddie mwenyewe hakupenda kuueleza wimbo huu.

Madai kwamba nyimbo zikipigwa kinyumenyume hutoa ujumbe wa siri yanahitaji kazi zaidi, na unaweza kuimaliza jioni moja. Linalojulikana sana ni la Another One Bites the Dust, wimbo wa John Deacon wa 1980, kwamba kiitikio chake kikigeuzwa kinasifu bangi.

Pakua Audacity, programu ya bure, kwenye kompyuta. Fungua wimbo, kata sekunde 15 za kiitikio, zichague zote, kisha kwenye menyu ya Effect tafuta Reverse. Hifadhi. Fanya hivyo hivyo kwa sekunde 15 za taarifa ya habari ya redio. Kipande hiki cha pili usikiruke, kwa sababu bila yake huna cha kulinganisha.

Tafuta watu watano. Waite mmoja mmoja, wasikilize kwa hedifoni, usiwaambie ni wimbo gani wala watafute nini. Kila mmoja aandike alichosikia. Halafu mpe karatasi yenye maneno ya dai, mpigie tena. Tarajia wasisikie bangi mara ya kwanza, na waisikie mara ya pili. Wanasaikolojia Vokey na Read wa Kanada walichapisha majaribio ya aina hii mwaka 1985, na wakaona kuwa watu husikia ujumbe wakishaambiwa wasikilize nini.

Jaribio huharibika likifanywa barazani, kwa kuwa wa kwanza kusema “nimesikia” huwatia wengine maneno masikioni. Na Kiswahili kina mtego wake. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, na irabu ikigeuzwa hubaki irabu. Geuza “kitabu” upate “ubatik”; tayari inakaribia neno. Msikilizaji wako akiokota maneno ya Kiswahili hata kwenye ile habari iliyogeuzwa, umeshajua kuwa yanatoka kwenye sikio lake.

Sauti zilizogeuzwa kwa makusudi zipo. The Beatles, bendi nyengine ya Kiingereza, waliziweka mwishoni mwa wimbo wao Rain, 1966. Alama yake ni kwamba kwa mbele unasikia vurugu: kila neno linaingia polepole, linavimba, kisha linakatika ghafla kama mtu anayevuta pumzi. Ukisikia Kiingereza safi kwa mbele, usihangaike na nyuma.

Utabiri nao uandikwe na tarehe kabla ya tukio. Ukiandikwa baada ya tukio, uweke chini ya tafsiri.

Kazi ambayo shabiki wa hapa anaweza kuifanya vizuri kuliko wa London ni Mustapha, wimbo wa Freddie unaofungua albamu ya Jazz ya 1978. Ndani yake mna Ibrahim, mna Allah, mna salaam aleikum, na kati ya hayo mna silabi zisizo za lugha yoyote. Kaa na mtu aliyesoma Kiarabu vizuri. Pigeni sekunde tano tano, andikeni kila silabi, na Kiarabu cha kweli mkipigie mstari kwa kalamu nyekundu.