Kabla ya Kutangaza Semina ya Biashara Kigoma, Tazama Mwezi

Anayeandaa semina ya wafanyabiashara wa dagaa hapa Kigoma huanza na ukumbi, kisha mtoa mada, kisha bango. Mimi namwomba aanze na mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazifui dafu, samaki hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika. Zikija siku za giza, mwezi usipoonekana usiku, mialo ya Kibirizi na Katonga, yaani fukwe zinaposhushwa samaki, haina usingizi, na asubuhi yake mama anayenunua, anayeanika na kufungasha hana hata dakika ya kukaa kwenye kiti.

Niliwahi kuita semina ya kutunza hesabu Jumanne saa tatu asubuhi, katikati ya siku hizo za giza. Walijaa wanafunzi na watumishi. Akina mama niliowakusudia hawakuonekana, ingawa walikuwa wameniahidi kwa moyo mweupe. Mzigo ulikuwa umetua, na dagaa mbichi hawasubiri mtu. Hadi leo inaniuma, kwa sababu wale ndio waliokuwa wakiuza kwa hasara bila kujua.

Kuipata siku nzuri si kazi kubwa. Mwezi mpevu huangukia tarehe 14 au 15 ya mwezi wa Kiislamu, na Ujiji hukosi wa kukuambia leo ni tarehe ngapi. Panga siku hizo au mbili tatu baadaye. Epuka Ijumaa mchana, na Ramadhani iache ipite. Uliza pia kama ziwa limefungwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho watu wana nafasi lakini mfukoni hakuna kitu, hivyo wafuate huko huko mwaloni badala ya kuwaita mjini, na mada iwe namna ya kuvuka miezi hiyo mitatu, si namna ya kupanua biashara.

Saa nayo iandike kwa maneno. Tangazo likisema "2:00" peke yake, mmoja atakuja saa mbili asubuhi na mwingine saa nane mchana, na wote watakuwa sahihi. Andika "saa nane kamili mchana". Kwa semina ya mtandaoni inayowahusu pia wateja wa Bujumbura na Kalemie, kumbuka kwamba wao wako nyuma yetu kwa saa moja: saa nane yetu ni saa saba yao. Taja saa zote mbili, vinginevyo watafungua simu wakati unaaga.

Halafu swali la posho. Litaulizwa, hata kama halitaulizwa mbele yako. Kama hakuna, sema mapema kwamba hakuna, na useme kilichopo: chai, nauli ya kurudi, au hakuna chochote ila elimu. Mtu aliyefunga meza yake kwa nusu siku amepoteza kipato, na si haki aligundue hilo akiwa tayari ukumbini. Nimeona watu wakija bila posho, tena kwa wingi, pale tangazo lilipotaja jambo moja wanaloweza kulitumia kesho yake. "Semina ya ujasiriamali" haimwambii mtu kitu. "Jinsi ya kupanga bei ya gunia la dagaa baada ya kutoa nauli, ushuru na upungufu wa uzito" inamgusa pale pale anapoumia.

Bango libandike, redioni pita, ila usiyategemee hayo peke yake. Nenda kwa mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa, na kwa yule mama mkongwe ambaye akisema "twendeni" wenzake wanajifunga vitenge. Mweleze kwanza yeye, akuhoji, akukosoe. Akikwambia mada hiyo haina maana, badilisha mada.

Kwa semina ya mtandaoni, hofu kubwa ya watu ni bando. Mkutano wa video wa saa moja unaweza kumaliza zaidi ya megabaiti 500, na mwenye kifurushi cha siku hawezi. Waruhusu wazime kamera, zungumza dakika 40 badala ya saa mbili, na baadaye tuma muhtasari wa sauti kwenye kundi lao la WhatsApp. Wengi watausikiliza jioni wakichambua dagaa.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, piga simu, usitume ujumbe tu. "Shikamoo mama, kesho saa nane, tupo pamoja?" Akisita, muulize kama mzigo umetua. Ukisikia "umetua" kwa watu watano mfululizo, sogeza semina mbele usiku huo huo na uwajulishe wote kabla hawajalala.