Nguo ya WhatsApp: omba sentimita, si saizi

Ukipenda shati la chagua (mtumba) kwenye statusi ya muuzaji wa Kadutu, mjini Bukavu, usiulize kama ni M au L. Mwombe alifunge vifungo, alilaze chini bila mikunjo, apitishe mita ya fundi kutoka kwapa hadi kwapa, apige picha namba zikionekana. Pima vilevile shati lako linalokukaa vizuri. La muuzaji likipungua sentimita 2, liache: kuzunguka mwili, mbele na nyuma, hizo ni 4. Lebo hudanganya kwa sababu baloti (furushi la mitumba) moja huchanganya nguo za nchi nyingi, na L ya China mara nyingi ni ndogo kuliko ya Marekani. Kwa kitambaa kinachovutika kipimo hiki hakiaminiki. Madoa nayo picha huyaficha, basi omba video ya mwanga wa mchana kabla ya kumtuma motari (dereva wa pikipiki) akuletee.